Mgomba Uliovaa Shati la Hesbon

Ruwi, Muscat
17 Novemba 2024

Mpendwa Mama Kui,

Tulifika salama, na masanduku yote yakafika. Unga wa wimbi peke yake ndio ulioleta maneno pale forodhani, mpaka mzee wangu Mwalimu akaanza kuwapa somo kuhusu uji. Wakatuachia ili anyamaze.

Ivy wetu anakaa orofa ya tatu. Mtoto wake ni mzito kushinda mfuko wa viazi vyako na usingizi haujui. Mwalimu amepata rafiki, bibi mmoja wa hapa aliyezaliwa Unguja. Kila asubuhi wanakutana dukani, bibi anamsahihisha Kiswahili, naye aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili anasahihishwa kimya. Natamani ungekuwepo uone.

Nakuandikia kwa sababu laini yangu ya Kenya haishiki huku. Simu ni ya Ivy, na tukipigiwa anaiweka spika sebuleni ili sote tusalimie, basi siri hakuna. Yule Waithera wa mtaa wenu anafanya kazi hapa. Yeye na wenzake huenda na kurudi, na wamekubali kubeba barua.

Sasa siri yenyewe. Mwalimu anadhani tulipostaafu nilikubali kuja kuishi huku kwa ajili ya mjukuu. Mimi nimekuja kumtafuta Hesbon. Ni miaka minane tangu mwanangu anyamaze, na simu yake ya mwisho ilitoka pande hizi za Uarabuni. Kila Ijumaa, ndiyo Jumapili ya huku, baada ya ibada nasimama uani mwa kanisa na picha yake, nikiwauliza madereva na walinzi wa kwetu. Wanaitazama kwa adabu na kunirudishia. Sitachoka, mama. Huyo hajafa, ningejua.

Usimwambie mtu. Mwalimu hataki hata jina lake litajwe mezani. Wewe ulimshonea sare tangu darasa la kwanza, najua hutanicheka.

Rafiki yako,
Mama Hesbon


Muscat
4 Desemba 2024

Ndugu yangu Wamalwa,

Shemeji yako Agneta ametoka na Ivy, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Barua hii nampa mtu anayesafiri kesho. Jambo hili lisitajwe kabisa kwenye simu.

Hesbon haniachi. Nikilala kidogo baada ya chakula cha mchana, anasimama pale miguuni pa kitanda na kuniuliza, "Baba, nikae wapi?" Swali ni hilo hilo kila siku. Nilidhani nikisafiri nitamwacha Chwele. Alikuwa hapa kabla hatujafungua masanduku.

Unajua maneno yangu ya mwisho kwake, kwa sababu ulikuwepo. Nilimwambia aende, na asirudi kwangu mpaka awe mtu. Sasa hana pa kurudi wala pa kulala, na mwenye kosa ni mimi.

Wazee wetu hawakumwacha mtu bila kaburi. Mwili usipopatikana, walizika mgomba badala yake, na aliyepotea akatulia. Tulipozungumza uliniambia kwamba Agneta hatakubali kamwe akiwa nyumbani. Sasa hayupo nyumbani.

Fanyeni Jumamosi tarehe 28, watu wakiwa wamerudi kwa Krismasi. Chagua mgomba wenye kimo cha Hesbon. Shati lake la buluu liko kwenye sanduku la bati chumbani kwetu, livalisheni. Mzikeni chini ya uzio, karibu na marehemu Baba. Wekeni na msalaba wenye jina. Waambie watu kwamba sisi wenyewe hatukuweza kusafiri, na Agneta asijue mpaka nipate namna ya kumwambia.

Mimi kaka yako,
Wabwile


Chwele
6 Januari 2025

Kwa kaka Wabwile,

Salamu sana. Hii kazi tulimaliza vile ulisema. Watu walikuja wengi kuliko nilidhani, hata wale walisoma na yeye. Mchungaji alikataa kuja, alisema yeye haombei mgomba, lakini wazee walikuwa. Shati ilitoshea. Phelista wangu alianza kulia na wamama wote wakafuata.

Kaka, kuna jambo moja sikufichi. Tukiteremsha, kamba iliponyoka mkononi mwa vijana na mgomba ukasimama wima ndani ya kaburi, shati na yote. Mzee mmoja alisema, "Huyu amekataa." Nilimwambia si mambo ya kukataa, ni kamba tu, bana. Tukaulaza na mti, tukafunika haraka. Tangu hiyo siku mbwa haipiti huko chini, inazunguka na kwa mahindi.

Msalaba umetengenezwa na fundi wa Kibabii, ni mzuri. Wewe sasa lala vizuri. Salimia Ivy na mtoto, na salimia sana Mama Ivy.

Ndugu yako,
Wamalwa


Muscat
25 Januari 2025

Mpendwa Mama Kui,

Nina jambo dogo linalonikosesha raha, na ukiliona la kijinga niambie.

Mwalimu alipata barua kutoka kwa mdogo wake. Aliisoma msalani, mtu mzima, na alipotoka akaikunja na kuitia mfukoni. Nikifua suruali nikaikuta, imelowa, maandishi yote yameyeyuka isipokuwa mstari wa mwisho. Umeandikwa: salimia sana Mama Ivy.

Mama Kui, nimeolewa katika boma lile miaka thelathini na sita. Tangu nimzae Hesbon hakuna mtu wa Chwele aliyewahi kuniita kwa jina lingine. Hata mama mkwe aliyenichukia aliniita Mama Hesbon mpaka akafa. Sasa Wamalwa anaandika Mama Ivy, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Nilimuuliza Mwalimu. Alisema Wamalwa anazeeka. Mwenyewe halali tena mchana siku hizi, anakaa kitini akiangalia kitanda, na ukimgusa bega anashtuka.

Tafadhali, siku ukienda soko la Chwele kuchukua vitunguu, pita nyumbani. Sema umepeleka salamu zangu. Angalia tu, halafu uniandikie unachoona.

Wako,
Mama Hesbon


Kitale
16 Februari 2025

Mpendwa dada Agneta,

Pole, dada yangu. Pole sana. Kumbe ndio hii ulinituma nione, kwa sababu ulishindwa kuniambia mwenyewe?

Nilienda vile ulinituma. Phelista alinikaribisha, lakini hakuniangalia machoni. Nikasema wacha nizunguke nione shamba, na ndio nikaona hapo chini ya uzio kaburi mpya kando ya ile ya zamani. Nikasoma msalaba. HESBON WABWILE, 1989 hadi 2016. Dada, nikakaa kwa udongo hapo hapo.

Sikuuliza mtu kitu. Niliona si mahali pangu, si mambo ya kabila yangu, na labda mliamua kumzika kimyakimya kwa vile amepatikana baada ya miaka mingi. Lakini mwili ulikuja lini? Ulipita Eldoret ama Kisumu? Mimi ningefunga duka, ningekuja na wamama wote wa hapa. Huyo mtoto amekula kwangu kuliko kwako.

Nilifika nyumbani nikatoa kitabu yangu ya vipimo. Bado iko, kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, vile mabega yake yalikuwa yakiongezeka kila mwaka. Nimelia mpaka Kui akaniambia nitaugua.

Mungu akufariji.
Nyaguthii


Muscat
1 Machi 2025

Shemeji Wamalwa,

Mmetoa wapi mwili wa mtoto wangu? Nani aliwapa? Nani aliutambua, na kwa alama gani? Ana kovu chini ya goti la kushoto. Mliliangalia?

Sijamwambia ndugu yako lolote. Nakaa naye meza moja na kumpakulia chakula, na kila nikimwangalia najiuliza kama anajua. Niandikie ukweli. Usinifiche hata neno moja, hata liwe baya namna gani.

Mama yake Hesbon


Chwele
19 Machi 2025

Shemeji Agneta,

Hakuna mwili. Hapo ndani ni mgomba.

Kaka ndiye aliagiza. Alisema mtoto anamsumbua kwa ndoto anataka mahali ya kukaa, na wewe ukiwa nyumbani haingewezekana. Tulivalisha ile shati ya buluu ya kwa sanduku. Ilikuwa tarehe 28 Desemba, saa saba mchana.

Shemeji, usinilaani. Mimi ni mdogo, nikiambiwa na mkubwa nafanya. Na hata wewe ujiulize, miaka minane mtu mzima akose kupiga simu hata moja? Hapa tulishaona ni mambo imeisha. Phelista anakuomba msamaha. Ati yeye alisema tukungoje, na mimi ndiye nikamnyamazisha.

Wamalwa


Chwele
11 Mei 2025

Kaka Wabwile,

Ile kazi imeharibika. Nakuomba utume ruhusa tuchinje kondoo ya kumtuliza, na wewe mwenyewe urudi.

Juzi Ijumaa, saa kumi na moja jioni, jua ikiwa bado, tulikuwa tunapukuchua mahindi uani. Mtu akaingia kwa lango. Mwembamba, kichwa imenyolewa, begi moja ndogo. Hakubisha. Alitembea kama mtu anajua njia, akapita nyumba yako, akateremka moja kwa moja mpaka kwa kaburi. Akasimama akisoma msalaba. Alikaa hapo kama mtu anasoma kitabu kizima.

Halafu akapanda akiwa anakuja kwetu. Kaka, ni yeye. Ni uso yake, ila imezeeka. Akasema, "Baba mdogo, ni mimi. Nipeeni maji." Phelista alipiga nduru. Watoto walikimbilia ndani. Mimi nilichukua majivu ya jikoni nikamwaga kwa mlango, nikamwambia, "Tulikupa mahali ya kulala, rudi huko." Akasema tena, "Baba mdogo." Nikafunga mlango. Majirani walikuja na fimbo, mmoja akatupa jiwe ikamshika kwa mkono. Hapo ndio aligeuka akaenda. Hakukimbia. Wanasema aliangalia nyuma mara moja.

Wazee wanasema ni ile kamba. Alikataa tangu mwanzo. Tangu hiyo siku hakuna mtu anateremka huko chini, na mimi bado nasikia hiyo sauti ikiniomba maji.

Wamalwa


Kitale
13 Mei 2025

Mama Hesbon,

Kaa chini kwanza. Umeketi? Hesbon yuko hai. Nimemshika kwa mikono yangu.

Nimepiga simu ya Ivy mara tatu, mara zote anapokea Mwalimu. Nikisikia sauti yake nakata, kwa sababu hii maneno sitaki wewe uipate kwa spika. Waithera anasafiri kesho, amekaa hapa na njaa yake akiniangalia nikiandika.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafungua duka. Mtu akasema nyuma yangu, "Mama Kui, sare yangu iko tayari?" Hiyo ndiyo salamu yake tangu akiwa mdogo. Nilijua sauti kabla sijageuka, na sikutaka kugeuka. Nimeona kaburi na macho yangu, wewe ukaniandikia baadaye kwamba ni mgomba, lakini roho haisomi barua. Mwishowe nikafanya ile kitu najua kufanya. Nilichukua futi nikampima. Mabega, mkono, kifua. Nikafungua kitabu. Mkono ni ule ule wa kidato cha nne. Mabega yamepungua inchi mbili, mtu mzima kupungua. Nikainua suruali, nikaona kovu ya goti. Ndio nikamkumbatia.

Nilimpa chai akanywa vikombe vitano. Alikuwa na jeraha mkononi, nikaosha. Aliniambia kidogokidogo. Alikuwa dereva wa lori huko nchi jirani na hiyo mliyoko. Akagonga mtu akafa, akafungwa miaka saba na kitu. Walimruhusu kupiga simu mara moja hapo mwanzo, akashika simu akakosa la kusema, kwa sababu babake alimwambia asirudi mpaka awe mtu, na yeye sasa alikuwa mfungwa. Baada ya hapo aliona heri mdhani amewasahau. Mwaka huu walimtoa, wakampandisha ndege. Alikuja nyumbani moja kwa moja, Mama Hesbon. Hakulala hata Nairobi.

Aliniuliza swali moja tu: "Ni Baba alisema nizikwe?"

Ningenyamaza. Ningesema sijui. Lakini mimi mdomo yangu unaijua. Nilisema ndiyo.

Hakulia. Alisema, "Kama wamemaliza matanga, nisiwarudishe nyuma." Nilienda kununua nyama, na kurudi nikakuta ameosha vikombe, hayuko. Wanasema alipanda lori ya Kipkemei, ile inapeleka kabeji Lodwar. Nisamehe. Njoo.

Nyaguthii


Muscat
22 Juni 2025

Agneta mke wangu,

Umeondoka wiki nne zilizopita na hujaniandikia. Tangu Machi, siku ulipoweka barua ya Wamalwa juu ya sahani yangu na kuondoka mezani, umeniambia maneno machache ambayo ningeweza kuyahesabu. Siku uliposoma ya Nyaguthii uliniambia matatu tu: "Mwanangu yu hai." Ulisema mwanangu. Nilisikia.

Sijitetei. Nilitaka kumpa mahali pa kupumzika. Hilo ni kweli, na kweli nyingine ni kwamba nilitaka anyamaze. Nilikuwa mzee mwenye hofu, nikaona udongo utaniponya. Haukuniponya. Baada ya Desemba aliendelea kuja, sasa amevaa lile shati, haulizi kitu, anasimama tu akinitazama. Hata leo mchana alikuja.

Hapo ndipo akili yangu inaposhindwa, Agneta. Mtoto alikuwa hai wakati wote huo, gerezani, akila na kulala kama watu wengine. Basi huyu anayesimama miguuni pa kitanda ni nani? Nimemzika nani, na nani ananitazama? Naogopa kulala na naogopa kukaa macho. Ivy ananiwekea redio nisikae katika kimya. Yule bibi wa Unguja aliniuliza nina nini, nikashindwa kumjibu kwa lugha yoyote.

Mwezi uliopita Wamalwa alisema wazee wanataka kondoo. Nilimwambia asichinje kitu, afukue tu. Nitarudi ukinikubalia. Usiponikubalia nitakaa huku huku, na sitalalamika.

Mumeo,
Wabwile


Lodwar
20 Julai 2025

Baba Hesbon,

Barua yako imenifuata mpaka huku. Nyaguthii alimpa Kipkemei, naye akaileta juu ya kabeji.

Nilipotoka Nairobi nilipitia Chwele. Wamalwa alifukua mwenyewe, hakuna aliyemsaidia. Mgomba ulikuwa umeoza ukawa maji meusi, na shati limeshikana na udongo. Sikulichukua. Msalaba niliutia jikoni kwa Phelista, tukachemshia chai. Wazee walinikasirikia na mimi nilikunywa.

Hesbon nilimpata siku ya nne ya kufika huku. Anafanya kazi kwa mtu mwenye lori la maji. Nilimwona kwa mgongo, ameinama akifunga mfereji, nikaogopa kuita. Nimemwita kwa miaka minane mahali ambapo hayupo, na sasa yuko mbele yangu na jina halitoki. Aligeuka mwenyewe. Aliniangalia sana, halafu akaniuliza kama mimi pia nimekuja kumfukuza. Nilimpiga kofi, Wabwile. Nikamshika na sikumwachia mpaka watu wa lori wakaanza kupiga honi.

Nimepanga chumba karibu naye. Anakuja kula jioni. Hali sana. Anakaa karibu na mlango, na mtu akipita nje anaacha kutafuna. Usiku hataki taa izimwe. Kuna siku anaongea vizuri, kuna siku anakaa kana kwamba bado tumemfunika. Hataki kwenda Chwele na simlazimishi.

Wewe hakukuulizia siku ya kwanza, wala ya pili, wala wiki ile yote. Nikadhani hatakuulizia tena maishani. Jana nikimpakulia, akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama, siku waliyonizika, Baba alilia?"

Naikumbuka siku hiyo. Nimejaribu kutoikumbuka. Ilikuwa Jumamosi. Ivy alipika pilau, na saa saba mchana ya Chwele ulikuwa umekaa mbele yangu. Ulikula ukaomba uongezewe, ukasema haijawahi kuiva vizuri hivi. Mimi ndiye niliyekuongeza.

Mtoto alikuwa ameshika kijiko, anangoja. Nimemwambia ulilia. Nimemwambia ulilia mpaka tukaogopa, na hukula siku hiyo. Akamaliza chakula chote kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Sijawahi kumdanganya mwanangu kabla ya jana. Njoo ulie, Wabwile, nisibaki mwongo.

Agneta